Mashine Iliyoamka Tarehe Ileile

Umeme ulirudi saa nane mchana, na mashine ya Festo ikaamka yenyewe.

Agnella alikuwa uani akipepeta chenga. Kwanza alisikia redio ya jirani ikidakia wimbo katikati, halafu friji ya dukani ikaunguruma, halafu, kutoka chumba cha mwanawe kilichofungwa kwa kufuli, ukatoka mlio mmoja mfupi, kama wa mtu anayekohoa ili ajulikane kwamba yupo. Ungo ulimsimama mikononi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka aitike "Abee", ndipo akakumbuka kwamba ufunguo wa chumba kile uko shingoni mwake, umefungwa uzi mmoja na rozari, na kwamba ndani hamna mtu.

Hii ilikuwa mara ya tatu tangu aichomeke tena ukutani.

Alifungua. Kitenge alichokuwa amekifunika kwenye kompyuta kilikuwa kinapumua taratibu, kinapanda na kushuka, kwa sababu feni ilikuwa inazunguka chini yake. Alikiinua kwa ncha za vidole. Kioo kilikuwa cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza. Agnella aliishia darasa la saba na Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa mtu wa kuangalia. Alichukua daftari la Festo, akakaa kitandani, akanakili herufi moja moja na tarakimu moja moja, kama alivyonakili mara ya kwanza na ya pili. Alipomaliza alibonyeza kitufe cha mashine mpaka ikazima, swichi ya ukutani akaiacha. Feni ikashusha pumzi ndefu, kitenge kikalala.

Maisha yake yote Agnella alikuwa ameishi na mashine. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Viwanja Sitini, na wenzake walimjua kwa kitu kimoja: alikuwa akisikia mkanda unaotaka kukatika kabla haujakatika. "Zimeni," angesema, na fundi angebisha, na baada ya muda mkanda ungekatika kweli na kuwachapa watu. Mumewe alipofariki alibaki na Festo peke yake, na masikio hayo akayahamishia kwa mtoto. Alijua hatua zake akitoka njiani. Alijua akipiga chafya usiku kama ni vumbi au ni homa.

Festo alikuwa anarekodi. Alianza na harusi na komunyo ya kwanza, akafika kwenye misiba, kisha akapata watu wa kipindi cha redio waliotaka sauti za kambi za wavuvi: wanavyoitana, wanavyogombana, wanavyosukuma mitumbwi. Mwezi wa nne mwaka jana, maji yakiwa yamesimama hadi kifuani katika mashamba ya mpunga, aliaga alfajiri. Alisema tu anakwenda bondeni siku tatu; kambi gani hakusema, hata kwa watu wa redio. Hakurudi.

Bonde la Kilombero mtu halimalizi kwa macho. Walimtafuta siku tisa kutoka darajani kwenda juu na kutoka darajani kwenda chini, wakapata ndala ambazo hazikuwa zake. Siku ya kumi wakakaa matanga. Wazee wa ukoo walisema kwamba vitu vya aliyepotea visifanye kazi wala visitoke nyumbani mpaka tanga lianuliwe, na Agnella akaingia chumbani, akachomoa waya wa kompyuta ukutani, akaifunika kitenge, akapiga kufuli. Wengine walidhani itakuwa siku arobaini. Ikawa mwaka na miezi mitatu, kwa sababu kila walipopanga siku ya kuanua tanga yeye aliuliza swali moja tu, na siku ikasogezwa.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Kwao, mtu akipotelea majini, mwili usipoonekana, huzikwa mgomba. Lakini mgomba hauzikwi mtupu. Ndugu huenda mpaka pale alipopotea, mama au dada humwita kwa jina, kisha huchota tope la hapo na kuja kulizika na huo mgomba. Bila tope ni kuzika mti tu. Sasa, Agnella aliuliza, tope mtalichota wapi?

Jumanne ile jioni shemeji yake alikuja. Mzee Ildefonce alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani hata akiomba chumvi. Alikaa kwenye kiti cha uani, akamtazama.

"Jumamosi, shemeji," alisema. "Mgomba nimeshauchagua. Nimeongea na watu."

"Na tope?"

"Tutachota chini ya daraja."

"Nani kakwambia mwanangu yupo chini ya daraja?"

"Mama Festo, maji ni yaleyale. Yanatoka huko Mlimba yanapita hapa. Popote alipo, yamempitia."

"Basi hata yaliyo kwenye beseni bafuni yamempitia. Tuzike beseni."

Ildefonce alicheka bila kutaka. "Na lile dude lenu huko ndani, limeshasema kitu?"

"Bado."

"Basi na mimi nimesubiri vya kutosha. Watoto wa ukoo huu wanaota ndoto mbaya. Mtu hawezi kukaa mlangoni mwaka mzima, si ndani si nje. Jumamosi."

Alipoondoka Agnella aliingia ndani akaitazama ile ndoo.

Ndoo ndiyo iliyomfanya aichomeke mashine tena. Mwezi wa sita, maji yalipokauka, alikuja mgeni mlangoni, mfugaji wa Kisukuma aitwaye Seni, fimbo mabegani. Alibisha hodi, akasalimia, akakataa kuketi hadi aseme kwanza alichokuja nacho. Alikuwa anapeleka ng'ombe kunywa upande wa Lupiro, akaikuta imenasa juu katika matete, juu kuliko kimo chake, pale maji yalipoiacha. Ilikuwa ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, mfuniko wake umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, kama watu wa bondeni wanavyofungia vitu vyao wakipanda mtumbwi. Juu yake palikuwa na maandishi ya rangi ya kucha: FESTO, VIWANJA SITINI.

"Sikuifungua, mama," alisema Seni. "Kitu chenye jina la mtu."

Ndani kulikuwa na shati, kipande cha sabuni, na diski ya nje imeviringishwa ndani ya shati. Shati lilikuwa kavu. Lilinuka sabuni. Agnella aliliweka usoni, na alipoliondoa Seni alikuwa ameshageuka, anatazama barabarani kwa heshima.

Ile diski aliijua. Diski ya ndani ya kompyuta ilikufa zamani, na Festo alikuwa akiiwasha mashine kwa hiyo ya nje, kazi zake zote zikiwa humo. Akitoka nyumbani huondoka nayo mfukoni. "Bila hii, mama, hiyo ni sanduku la mabati," alizoea kusema. Na usiku wa kuamkia safari alikuwa amekaa kwenye kompyuta hiyo mpaka karibu saa tano, akipanga. Kwa hiyo mahali alipokwenda pamo humo. Ndoo iliokotwa Lupiro, lakini ndoo huelea, ilitokea juu. Wapi juu, hilo ndilo lililokuwa ndani ya diski, na diski ilikuwa haisemi.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Donati, fundi kompyuta wa karibu na stendi. Donati alikuwa na diski hiyo tangu wiki iliyopita.

"Shikamoo mama Festo."

"Marahaba. Imesema?"

"Kwanza nikuulize. Hii uliiweka wapi kabla ya kuniletea?"

"Kwenye pumba."

"Pumba za mpunga?"

"Si ndiyo, zinyonye maji. Rosemery jirani alisema mchele, mimi nikaona mchele ni mgumu, utaikwaruza. Nikachukua pumba laini za mashineni. Wiki tatu."

Donati alifuta uso kwa kiganja. "Mama, haikuwa na maji hata tone. Ilikuwa imefungwa kuliko dawa. Hapa pa kuchomeka waya nimetoa pumba za kulisha kuku wawili."

Agnella hakucheka. "Nimeiua?"

"Hujaiua. Nimeipiga mswaki, inazunguka vizuri. Sikia." Aliisogeza sikioni mwake. Diski ilikuwa inavuma kwa ndani, mvumo mwembamba na wa sawasawa. Hakuna mkanda unaotaka kukatika. "Tatizo ni jingine. Festo hakutumia mfumo wa kompyuta tunaotumia sisi wengi. Alitumia ule wa bure, tena wa zamani. Nikiichomeka kwenye laptop yangu, laptop haiielewi. Inaniambia diski haina kitu, na inauliza kama niifute ili ianze upya."

"Ikauliza, na wewe ukasema nini?"

"Nikasema hapana! Neno 'ndiyo' linakaa karibu na 'hapana' kama kidole na kidole. Hii itafunguka kwenye mashine yake tu. Niletee."

"Diski ililetwa na maji, lakini mashine haitoki nyumbani kabla ya tanga."

"Basi tunaifuata."

Donati alikuwa na tabia moja. Umeme wa pale ulikuwa umemuunguzia mashine tatu za watu, na tangu hapo alikuwa hagusi waya wowote, hata wa kipanya, kabla hajazima swichi ya ukutani. Alivua viatu mlangoni pa chumba cha Festo, akaomba radhi kwa sauti ndogo, hakuna aliyejua kwa nani, akaketi.

Aliiwasha. Ikakohoa ule mlio wake mmoja. Akabonyeza kibodi haraka, ukurasa wa bluu ukaja. "Hapa ndipo inapoambiwa ianze na diski ipi," alieleza. "Yenyewe inatafuta ile ya ndani, iliyokufa. Nimeiambia ianze na ya nje. Nimehifadhi." Akazima ukutani, akachomeka diski, akawasha.

Kioo cheusi. Maandishi meupe yaleyale.

"Labda sikuhifadhi." Akarudi kwenye ukurasa wa bluu. Alichoweka hakikuwepo. Diski iliyokufa ilikuwa imerudi juu ya orodha. Akaweka upya, safari hii akisoma kwa sauti kila kitu, akahifadhi. Akazima ukutani, akahamishia waya upande wa nyuma, akawasha.

Kioo cheusi.

Mara ya tatu Donati alimwomba Agnella asimame nyuma yake awe shahidi. "Unaona, mama? Ya nje iko juu. Unaona?" Aliona. Akazima ukutani, akabadilisha waya, akawasha, akaingia moja kwa moja kwenye bluu. Diski iliyokufa ilikuwa juu.

Donati aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Nje kuku alikuwa anaparua mchanga. Chumbani kulikuwa na joto, lakini nywele za mikononi mwake zilikuwa zimesimama, na Agnella aliziona.

"Mama Festo," alisema polepole, "mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini ninachoweka kuna mtu anakirudisha."

"Hata mimi naisikia," alisema Agnella. "Umeme ukirudi inaamka. Hakuna anayeibonyeza. Inakohoa hivyo, kama alivyokuwa anakohoa yeye akitaka kuingia jikoni."

Hawakutazamana. Shati la Festo lilikuwa linaning'inia kwenye msumari, na upepo wa feni ulikuwa unalifikia kidogo tu kwenye mkono mmoja.

"Tuiache," alisema Donati. "Labda Jumamosi ikipita..."

"Jumamosi ikipita nitakuwa nimezika mti." Alisema bila kupandisha sauti. Kisha, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya, alimpa lile daftari. "Angalia. Kila ikiamka naandika inachoandika. Mara ya kwanza, ya pili, jana. Hakuna kilichobadilika. Hata tarehe ni ileile."

"Tarehe gani?"

"Hii. Moja, moja, elfu mbili na kumi. Inaamka siku hiyohiyo kila siku. Mimi nikawa nafikiri, mwaka huo Festo alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake yupo. Labda inamtafuta huko."

Donati alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akainua uso kuangalia kona ya ukurasa wa bluu. Moja, moja, elfu mbili na kumi. Alikuwa ameipita tarehe hiyo mara tatu bila kuiona.

"Mama. Hii mashine uliichomoa ukutani lini?"

"Siku tulipokaa matanga."

"Na ikakaa hivyo?"

"Mwaka na miezi miwili. Mpaka ndoo ilipokuja."

Donati alizima ukutani, akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa sanduku. Vumbi lilikuwa limelala humo kama majivu. Akatumbukiza kucha, akachomoa kitu bapa, duara, kidogo kuliko shilingi, akakiweka kiganjani mwa Agnella. Kilikuwa cha baridi.

"Betri," alisema. "Mashine ikiwa haina umeme, hii ndiyo inakumbuka kwa niaba yake: tarehe, ianze na diski gani, iamke lini. Umeiweka gizani, ikawa inakumbuka yenyewe, peke yake, mpaka ikaisha. Sasa nikizima ukutani, kila nilichoweka kinapotea, inarudi ilivyotoka kiwandani. Na mimi kwa woga wangu wa umeme, kila mara nazima ukutani!" Alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka shimoni. "Hata huko kuamka umeme ukirudi, ni kwa sababu imesahau kwamba Festo aliikataza."

Agnella aliifumba ile betri mkononi. Alitegemea angefarijika kujua kwamba hakuna mtu. Hakufarijika. Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyegundua kuwa amekuwa akiongea na mlango.

Donati alikuwa na betri nyingine kwenye mkoba. Aliiweka, akafunga, akawasha, akaingia kwenye bluu. Diski ya nje juu. Halafu kishale kikasimama kwenye tarehe.

"Leo tarehe ngapi, mama?"

Alijua. Alikuwa ameihesabu kila siku kwa mwaka na miezi mitatu. Lakini ilimchukua muda kuitoa.

"Jumatano," alisema. "Kumi na saba, mwezi wa saba. Elfu mbili ishirini na nne."

Donati aliandika. Akahifadhi, na kwa makusudi akazima ukutani, akahesabu mpaka kumi, akawasha. Mlio mmoja. Kioo cheusi, kikakaa cheusi, kikakaa. Kisha taa ya diski ikaanza kupepesa, na mvumo ule mwembamba ukajaa chumbani, na juu ya kioo ikatokea picha ambayo Agnella hakuwa ameiona tangu mwezi wa nne mwaka jana: yeye mwenyewe, na ungo, anamfukuza anayempiga picha.

Faili la mwisho lilikuwa la sauti. Usiku wa kuamkia safari, saa nne na dakika arobaini. Donati alimtazama, Agnella akaitikia kwa kichwa.

Kulikuwa na mvua. Mvua ile ya mwaka jana, juu ya bati hilihili. Kisha sauti ya Festo, karibu sana, kama kakaa kitandani kati yao.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Natokea Mchombe, naingia majini nyuma ya mashamba, nakwenda kambi ya Libumba. Libumba, pale kwenye bwawa la matete mapacha. Wenyeji wanasema maji ya hapo hayana sauti. Tutaona."

Mvua. Halafu, kwa mbali, mlango ukagongwa, na mwanamke akasema kwa sauti ya kuchoka na ya kukaripia: "Festo, unaongea na nani humo usiku huu?"

Agnella alishika mdomo. Alikuwa ni yeye. Hakukumbuka hata kidogo kwamba alisema hivyo.

"Na watu watakaonisikia baadaye, mama," alisema Festo, na akacheka.

"Chakula kinapoa."

"Nakuja."

Kiti kikakwaruza sakafu. Hatua. Mlango. Mvua ikaendelea yenyewe dakika nzima katika chumba ambacho hamkuwa na mtu, kisha ikakatika.

Donati alikuwa anatazama miguu yake. Agnella alinyanyuka, akafunga vizuri khanga, akatoka uani na kumpigia simu shemeji yake.

"Tope la darajani liacheni," alisema. "Ijumaa tunakwenda Mchombe."

Ijumaa waliondoka Mchombe na mtumbwi wa kukodi, Agnella mbele, Mzee Ildefonce katikati akiwa ameshika kingo mbili kwa nguvu, na mvuvi wa Mchombe nyuma na upondo wake. Walikata matete kwa saa nzima. Mvuvi alikuwa akiongea njia yote juu ya kambale na juu ya serikali, lakini vichaka viwili virefu vya matete viliposimama mbele yao alinyamaza bila kuambiwa, akainua upondo, mtumbwi ukateleza wenyewe. Kambi ilikuwa imeshahamwa. Palibaki nguzo za kukaushia samaki na jiko la mawe. Wenyeji walisema kweli. Maji yalikuwa hayagusi mtumbwi kwa sauti, ndege hawakuwepo, na Agnella, aliyesikia mikanda ikitaka kukatika, alitega masikio yake yote na hakupata kitu.

"Hapa," alisema.

Ildefonce alivua kofia. "Mwite, shemeji."

Alikuwa amejiandaa kumwita kama wanavyoitwa, kwa jina la ubatizo na la ukoo na la baba yake. Alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Festo," aliita. "Chakula kinapoa."

Sauti ilikwenda juu ya maji, ikaingia katika matete, haikurudi. Alisubiri. Alisubiri muda uleule ambao mwanawe alikuwa akichukua kuiacha mashine yake, kusukuma kiti, na kufika mlangoni. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akainama, akaizamisha ile ndoo mpaka kwenye kiwiko, akachota tope, akaweka mfuniko, akazungusha mpira wa baiskeli mara mbili na kuukaza kama Festo mwenyewe alivyokuwa anaukaza.

"Turudi," alisema.